Ukishuka Nitakupiga Picha

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia, na umpigie kelele kwenye sikio la kulia, lile la kushoto limeshastaafu. Huku mvua imekata na mimi ni mzima, ila goti linalalamika nikipanda ngazi. Wifi yako anawasalimu.

Duka liko vilevile. Jumatatu mpaka Ijumaa nawakalisha watu kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe: kidevu juu, toa miwani, usicheke, tayari, anayefuata. Pasipoti, leseni, kitambulisho. Juzi bwana mmoja alinijia juu ati nimemfanya aonekane mwizi. Nikamwambia, bwana, mimi napiga kilichokaa.

Umeniuliza mara nyingi ninaona nini kwenye hizo ndege ninazokwenda kuzipiga picha. Labda ni hilo tu. Baada ya nyuso mia mbili kwa wiki, nataka kitu kisichoniuliza kimetokaje.

Jumamosi msimu wa maonyesho ulifunguliwa. Nilipanda basi la kwanza ili niwahi ule upande wa uzio wa uwanja wa ndege ambao jua linakuwa mgongoni. Kikosi ni ndege saba za kivita. Tano huruka pamoja, bawa kwa bawa, ukidhani zimefungwa kamba. Mbili hujitenga: hii inatokea kushoto, ile kulia, zinakuja uso kwa uso na kupishana mbele ya watu. Kazi iko hapo. Ukitaka kuzifuata zote mbili utarudi nyumbani na picha za mawingu. Unachagua moja, unaishika kwenye lenzi tangu ikiwa kama inzi, unazungusha kiuno pamoja nayo na huitafuti nyingine. Ukijaliwa, ile nyingine inakuja yenyewe. Sauti hufika baadaye, wewe umeshamaliza.

Mimi humchagua Nambari Sita. Marubani hupita uzioni kusalimia watu, na huyu ananijua; kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno mengi. Ananiita Mzee wa Uzio. Nilimpa picha kadhaa za mwaka jana, akaziangalia mojamoja kama mtu anayechambua mchele.

Nimekuwekea moja humu. Hicho cheupe juu ya bawa si moshi. Ni hewa imebanwa mpaka ikatoa maji.

Nduguyo,
Kengeza


29 Machi

Kengeza,

Marahaba. Mama anakula, analala, ananigombeza. Kwa hiyo hajambo. Jana aliniuliza kama Baba ameshatoka kazini. Nikamwambia bado. Ndilo jibu linalomtuliza.

Mimi nashona sketi za sare tangu wiki mbili zilizopita, mpaka usingizini naona mikunjo. Cherehani imeanza kuruka mishono. Imezeeka kama mwenyewe.

Picha nilimpa Mama. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. "Dereva yuko wapi?" Nikamwonyesha pale penye kofia na kioo cheusi. "Huyu hana uso," akasema, akanirudishia. Kwangu ni nzuri. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani na wateja wananiuliza kama nina mtoto jeshini. Nawajibu sina mtoto jeshini, nina mdogo wangu asiye na akili. Akipenda, chongo huita kengeza; na wewe tangu utotoni unaifumbia dunia jicho moja, ndiyo maana jina limekuganda.

Haya, niambie. Wifi hajaniandikia tangu mwaka uanze. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika barua nzima, wewe ukitia mstari mmoja chini kama mtu anayetia sahihi. Ana nini? Mwambie kitambaa alichokitaka nimekipata, nangoja vipimo.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zimenibana. Fundi amekuja kuangalia paa, ameangalia, ameondoka. Nimefurahi kusikia Mama bado ana nguvu za kugombeza.

Wifi yako ana shughuli nyingi siku hizi. Kitambaa kiweke tu.

Onyesho la pili lilikuwa na jua kali la saa sita. Hilo ni adui. Joto linapanda kutoka kwenye lami na ndege zinatoka kama zimechorwa kwenye maji. Katika picha mia tisa nimebakiza kumi na moja. Lakini kuna moja ambayo Sita na mwenzake wamepishana, matumbo yakitazamana, na unaweza kuhesabu misumari ya bawa. Niliiangalia siku nzima.

Sita alinifuata uzioni mapema. "Mzee wa Uzio, leo nipige na mimi. Mama yangu amejaza ndege sebuleni, anasema wageni wanamuuliza kama amezaa kiwanda." Nikamwambia jua la saa sita linachimba mashimo machoni, utatoka kama fuvu, tungoje onyesho lijalo. Akasema, "Kumbe hata mimi nina ratiba!" Akaenda zake.

Ni kweli kuhusu jua. Lakini wewe ni dada yangu: ni kweli pia kwamba sikutaka. Nilikuwa nimetoka kupiga nyuso wiki nzima.

Nduguyo,
Kengeza


16 Juni

Mdogo wangu,

Nimesikia kwenye redio. Wamesema ndege ya maonyesho imeanguka Jumamosi na rubani amekufa. Hawakusema watu wa chini wamekuwaje. Nimekupigia simu mara nne, inaita mpaka inachoka.

Ulikuwepo? Andika hata neno moja.

Dada


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Huku baridi imeingia. Fundi wa paa amerudi na ameweka bati jipya upande wa jikoni, sasa panavuja upande wa chumbani, kwa hiyo tumehama tu na ndoo. Dukani tumeletewa taa mpya ambayo haitoi kivuli kabisa. Watu wanatoka bapa kama stempu, lakini ofisi za serikali zinapenda hivyo. Nimekula vizuri. Goti afadhali.

Nilikuwepo. Watu wa chini hakuna aliyeumia. Mimi sijambo.

Tafadhali usiniulize zaidi ya hapo. Wifi yako anawasalimu.

Kengeza


27 Julai

Kengeza,

Sijakuitikia shikamoo yako kwa sababu sina hakika ni nani ameituma. Barua yako ina bati, ina ndoo, ina taa, ina goti. Wewe mwenyewe humo sikukuona.

Na acha kunitumia salamu za kiti kitupu. Wifi aliniandikia Aprili. Yuko kwa dada yake tangu Januari. Alinisihi nisiseme mpaka useme mwenyewe, na nimekungoja miezi mitatu useme. Sikukasirikii kwa kuachwa, watu huachwa. Nakukasirikia kwa kunifanya mimi mgeni.

Yule aliyekufa ni yule wako wa maneno mengi? Nililijua hilo tangu siku ya redio, kwa jinsi simu ilivyoita. Nilipokuambia andika neno moja sikumaanisha "sijambo".

Mama anaendelea vizuri. Anakuulizia. Juzi kwa jina lako kabisa.

Andika.

Dada yako


15 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nimeikalia siku tisa.

Ni kweli. Aliondoka Januari. Hapakuwa na ugomvi. Alikunja nguo zake, akaniachia chakula kwenye sufuria, akasema, "Nimeangalia mafaili yako. Ndege ni elfu arobaini na moja. Mimi ni tatu, na kwenye mbili nimefumba macho." Nikasema, "Hiyo ya tatu imetoka vizuri." Alicheka, dada. Akacheka kweli, halafu akaenda. Nimekuwa nikikutumia salamu zake kwa sababu mstari wa "mimi ni mzima" ukikaa peke yake unaonekana mfupi mno.

Sasa hilo lingine.

Jumamosi ile mwanga ulikuwa mzuri, mawingu mepesi ya kuchuja jua. Saa moja kabla ya kuruka, Sita alikuja uzioni. "Mzee wa Uzio, leo sikubali visingizio." Mimi nilikuwa nimeshafunga lenzi kubwa, ambayo mtu wa karibu humpati hata pua. Kuibadilisha ni dakika moja. Dakika moja, dada, na mtu mwenyewe amesimama mbele yangu. Nikamwambia, "Ukishuka nitakupiga." Akageukia watu, akapaza sauti: "Jamani mmesikia? Mzee ananitishia!" Watu wakaangua kicheko. Akaondoka anakimbia kidogokidogo, kama mtoto aliyeitwa chakula.

Zile tano zilipita. Kisha wao wawili. Nilimshika tangu akiwa nukta. Walipishana vizuri, watu wakapiga makofi. Akapanda juu, akalala kichwa chini, akaanza kushuka kumalizia duara. Kwenye lenzi nikaona pua haijainuka. Nilijua kabla ya mtangazaji. Mtu aliyefuata ndege miaka kumi na minane anajua pua inatakiwa iinuke wapi.

Na kidole hakikuacha. Hilo ndilo sijamwambia mtu. Nilimfuata mpaka chini, nikazungusha kiuno kama nilivyojizoeza, picha hamsini na tatu, na karibu zote ni safi, hazijatikisika. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kelele za watu ziliponifikia ndipo nikashusha kamera.

Wachunguzi walizichukua, wakanishukuru. Gazeti moja lilinipigia, nikakata simu, na tangu siku hiyo sipokei.

Ningeishia hapo, lakini Jumatatu ya wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani akakaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Kidevu juu kidogo, mama." Akasema, "Sikuja kupigwa, nimekuja kuchukua. Wewe ndiye Mzee wa Uzio?" Ni mkunga mstaafu, mwembamba, ana mkoba anaoushika kwa mikono miwili. Asubuhi ile mwanawe alimpigia simu, akamwambia leo lazima nipigwe picha, jioni nakuletea. Ana ile ya jeshi tu, ambayo anasema kijana ametoka kama amemeza ndimu.

Dada, nilimwangalia, nikasema, "Bado naitengeneza, mama. Nitakuletea."

Akanishika mkono kunishukuru. Akaandika anwani yake kwenye bahasha ya dukani.

Tangu siku hiyo kila nikitoka kazini nafungua picha zote za Nambari Sita tangu mwaka wa kwanza, nazikuza. Kofia na kioo cheusi. Kofia na kioo cheusi. Mara moja mkono wenye glavu umeinuliwa. Mara moja kipande cha shingo.

Kengeza


2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sasa nimekuona.

Kuhusu kidole, nisikilize. Mwaka jana Mama alipoteleza bafuni nilisikia kishindo, na nilimalizia mshono ndipo nikakimbia. Ulikuwa umebaki mshono wa kiganja kimoja hivi. Nikaumaliza, nikakata uzi, nikaenda. Sijui kwa nini. Mikono ikishazoea kazi haiulizi. Sijamwambia mtu yeyote, na Mama hakumbuki.

Lakini kumwambia yule mama "bado naitengeneza" si kidole kilichosema. Ni wewe.

Na nikutolee moja ambalo nimekaa nalo miaka tisa. Siku tuliyomzika Baba, tukiwa pale shimoni, ndege ilipita. Kila mtu alikuwa ameinama. Wewe uliinua kichwa, ukaifuata mpaka ikapotea. Nilikuona. Wifi alikuona pia, akaniangalia, na mimi nikajifanya natafuta leso.

Sikuandikii hili kukuumiza. Nakuandikia ujue kwamba wakati mwingine tuliobaki chini tunakuwa tumesimama pale pale, tunangoja utuangalie. Yule mama anangoja. Mimi najua kungoja ni nini. Niko kwenye nyumba ya vyumba vitano na mtu anayeniita kwa jina la shangazi yake. Kila siku unayomwachia yule mama uongo huo, anaamka akidhani uso wa mwanawe uko njiani.

Nenda. Usimwandikie, usimpigie. Nenda kwa miguu yako, na kamera uiache nyumbani, maana nakujua, utajificha nyuma yake.

Mama anakula kidogo wiki hii. Nitakuambia ikizidi, sitakuficha.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimepata salamu za Mama na ile soksi moja aliyoitia kwenye bahasha. Sijui ni ya nani, nimeiweka.

Uliyosema kuhusu mazishi ni kweli. Ilikuwa ndege ya mizigo, injini nne, ya pili kutoka kushoto ikitoa moshi. Naikumbuka hivyo. Uso wa Baba siku ile siukumbuki. Nimejaribu.

Wifi nimemwandikia. Kurasa mbili, bila ndege. Hajajibu, na sikumwomba ajibu.

Kwa yule mama nilikwenda Jumamosi ya wiki iliyopita. Ni saa mbili kwa basi. Siku hiyo palikuwa na onyesho la mwisho la msimu, ndege sita bila ya saba, na basi la kwenda uwanjani na basi langu yanatoka kituo kimoja. Wenzangu wa uzioni waliniona na mikono mitupu wakadhani nimeibiwa.

Nyumba yake ni ndogo na safi. Sebuleni kuna picha zangu sita kwenye fremu, sikujua alizipata zote. Katikati pana nafasi na msumari. Alinipa kiti kinachoutazama. Alikuwa ameshaweka vikombe.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema, "Mama, picha haipo. Haijawahi kuwepo. Aliniomba mara mbili na mara zote mbili sikumpiga. Nilikudanganya pale dukani."

Akasogeza kijiko kwenye sahani ya kikombe. Kisha akauliza, "Ulijua huna picha siku ileile nilipokuja?"

"Ndiyo, mama."

"Wiki sita nimekuwa nikipangusa msumari."

Nilitaka kusema jambo, akainua mkono. Akaenda mlangoni, akaufungua, akasimama kando yake. Hakunitukana. Nikatoka.

Kituo cha basi kiko mwisho wa mtaa ule, benchi la saruji na paa la bati. Basi la karibu lilikuwa la saa kumi, na ilikuwa saa nane na nusu. Nilikaa. Nadhani ni mara ya kwanza kwa miaka mingi nimekaa mahali bila kutazama juu. Niliwatazama watu waliokuwa wakipita, na wao wakanitazama, na nikaona kwamba wengi wao hawaoni taabu kutazamwa.

Inakaribia saa kumi nikamwona anakuja, na kandambili zake za ndani na mtandio kaushika tu mkononi. Akakaa upande wa pili wa benchi. Hakuniangalia, alikuwa akitazama barabara.

"Alichana nywele?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Siku ile alipokuja kwako. Alichana nywele?"

Nikafumba macho, dada, yote mawili. Na nikamwona. Sikujua kama ninaye, lakini nilikuwa naye. Nikasema, "Alichana. Alikuwa amezilowesha maji, bado yanamdondokea shingoni. Njia ya nywele ilikuwa upande wa kulia, lakini haikunyooka."

Akaweka mkono mdomoni. Baadaye akasema, "Alikuwa hachani, yule. Tangu shule tunagombana kila Jumatatu."

"Na alikuwa amefunga kifungo cha juu," nikasema, "halafu akakifungua akiwa bado anaongea na mimi, kama kinamkaba."

"Anaongea nini?"

Nikamwambia habari ya kutishiwa, na watu walivyocheka. Nikamwambia kwamba alikuwa na kovu dogo chini ya kidevu, na yeye akanionyesha kwa kidole mahali penyewe, akaniambia lilivyopatikana: ngazi ya jikoni, miaka minne, alitaka kuruka. Nikamwambia alivyokimbia kidogokidogo kuelekea ndegeni na jinsi alivyogeuka mara moja kunyooshea watu wa uzioni kidole gumba, na kwamba alikuwa akitabasamu upande mmoja. "Wa kushoto," akasema mama yake. Nikasema ndiyo, wa kushoto.

Basi likaja. Dereva akafungua mlango akatutazama. Hakuna aliyenyanyuka. Akangoja kidogo, akapiga honi, akafunga mlango, akaondoka zake.

Mama yule akasogea karibu kidogo kwenye benchi, akajitandika ule mtandio magotini.

"Endelea," akasema. "Umefika pale alipogeuka."

Ni mimi mdogo wako,
Kengeza